Taa Nane za Gari la Mdogo Wangu

Juzi saa saba mchana, jua la Raskazone, hapa Tanga, likiwa utosini, nilipishana na gari lililowasha taa za ukungu. Saa saba mchana! Hakukuwa na wingu, sembuse ukungu. Dereva alikuwa amevaa miwani ya jua kwa sababu mwanga unamwumiza, na chini kwenye bampa taa zake mbili zinawaka, sijui zinamtafutia nini. Nilishusha kioo nikamwambia, "Baba, taa!" Akanipungia mkono, akatabasamu, akaondoka nazo zikiwaka.

Nyumbani kwangu Nguvumali wamenizoea. Wanasema nina ugomvi na taa za watu. Binti yangu hunivuta mkono tukiwa garini: "Mama, acha, hawakusikii." Najua hawanisikii. Lakini baba yangu mzazi, mtu aliyepanda baiskeli tangu ujana mpaka akafikisha miaka sabini na minne, leo hapandi tena baiskeli kwa sababu ya taa za gari. Atakayenikataza kukasirika kwanza anitafutie jambo jingine linalostahili hasira kuliko hilo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Mada ya mwanga nimeifundisha miaka mingi kiasi kwamba naweza kuifundisha nikiwa nachambua mchele. Ukungu ni matone ya maji, madogo sana, yamening'inia hewani. Kila tone ukilimulika linakurudishia mwanga machoni. Ukilimulika kwa nguvu, linakurudishia kwa nguvu. Kwa hiyo mwenye akili akikutana na ukungu huinamisha taa zake, hupunguza mwendo, na kama gari lake lina taa za ukungu huwasha hizo, maana zimefungwa chini karibu na ardhi, na mwanga wake hutandaa kwa upana ukaonyesha ukingo wa barabara. Ukungu ukiisha anazima. Hizo ndizo taa za ukungu na hiyo ndiyo kazi yake, hazina nyingine. Taa za spoti nazo, zile zinazofungwa juu, kazi yake ni kutazama mbali kwenye giza, barabara ikiwa tupu. Akitokea mtu mbele yako, awe kwenye gari, awe kwenye pikipiki, awe kwa miguu na ndoo yake kichwani, unazizima. Mwenda kwa miguu naye ana macho.

Ni mambo ya dakika mbili. Lakini hebu simama barabarani kwetu jioni moja uone. Bodaboda imefungwa taa ya buluu inayokonyeza kama mgonjwa wa degedege. Bajaji ina taa nyeupe mbele, nyeupe nyuma, na nyekundu chini ya uvungu, utadhani inauza simu. Gari dogo la kubebea watoto wa shule limefungwa taa ambazo lori la magogo lingeona haya kuzivaa. Ukimpa mwenzako ishara kwamba anakuumiza macho, naye anakujibu kwa kukuwashia zote, kukuonyesha kwamba zile za kwanza zilikuwa za upole. Na wakati huo huo taa za breki haziwaki! Taa ya kumwonyesha mwenzako kwamba unasimama imekufa mwaka mzima, lakini ya kujionyesha wewe inang'aa.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Ni kitinda mimba wetu. Mama alipofariki yeye alikuwa hajaanza shule, nikamlea mimi. Nilimwogesha, nikamfundisha kusoma, nikamchapa alipotoroka kwenda kuogelea. Mpaka leo, na mvi zake mbili tatu, hanijibu nikisema neno. Akikutana nami huanza na shikamoo kabla hajafunga mlango wa gari. Sisi tumelelewa hivyo: dada mkubwa akishasema, mambo yameisha.

Aliponunua gari lake la kwanza alilileta nyumbani kwangu nilione kabla hata hajampelekea mkewe. Lilikuwa gari zuri, la watu saba, lina taa mbili za mbele kama alivyopanga aliyelitengeneza. Baada ya miezi miwili alirudi nalo likiwa na taa nane. Mbili za ukungu kwenye bampa, manjano, na juu ya paa bomba la chuma lenye spoti nne zilizopangwa kama vikombe kabatini. Fundi umeme alikuwa ametoboa dashibodi akaweka safu ya swichi. Mdogo wangu akaziwasha zote pale uani kwangu, mchana, kuku wakakimbia.

"Za nini hizi?" nikamwuliza.

"Kupendeza tu, dada. Na usalama."

Nilimpa somo pale pale, bila ubao. Nikamweleza matone ya maji, nikamweleza mwanga unavyorudi. Nilitumia tochi na sufuria la mvuke. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia, akaondoka. Taa hakuzitoa. Lakini, na hili nalisema kwa sababu ni haki yake, somo lilimwingia. Lilimwingia kuliko lilivyoniingia mimi niliyelitoa.

Basi ikaja ile Jumamosi ya kipupwe. Kesho yake binti yangu alikuwa anapata kipaimara, na baba alikuwa lazima awepo. Baba anaishi Maramba. Alishuka kutoka milimani akiwa kijana, akakata mkonge kwenye mashamba, kisha akajipatia eneo lake na ng'ombe wake watatu, na tangu hapo hajaona sababu ya kuhama. Tulimwambia tungemfuata saa sita mchana. Ijumaa jioni mdogo wangu akanipigia kwamba mchana ana safari nyingine, afadhali twende alfajiri. Tukajaribu kumjulisha baba, lakini simu yake ilikuwa imelala dukani kwenye chaji kama kawaida yake. Tukasema hakuna neno, tutamkuta.

Tuliondoka Tanga kukiwa bado kiza chepesi. Mpaka tunaikaribia Maramba kulikuwa kumekwisha kucha, ila huwezi kujua kwamba kumekucha. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani. Miti ilikuwa inatokea ghafla ikiwa imeshafika. Mdogo wangu alikuwa anaendesha vizuri, nakiri. Ameinamisha taa za kawaida, amewasha za ukungu kule chini, anakwenda mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Zile nne za juu zilikuwa zimezimwa.

Mimi ndiye niliyekuwa siendi vizuri. Kioo cha mbele kilikuwa kinafanya mvuke kwa ndani, nilikuwa nakifuta kwa ncha ya khanga kinarudi palepale. Nilikuwa nimeamka saa tisa kupika. Niliogopa lori lingetokea mbele yetu, na hofu ikishanishika mimi huwa sikai kimya, hutoa amri. Nikashusha kioo cha upande wangu, nikatoa kichwa nje nione barabara. Sikuona kitu.

"Washa taa zote!" nikapiga kelele. "Washa na za juu! Washa na hazadi watuone!"

Mdogo wangu akasema polepole, "Dada, za juu zitarudisha mwanga. Si ulinionyesha mwenyewe?"

Nikamwambia, na maneno haya sitayasahau mpaka naingia kaburini, "Aliyesoma ni mimi au ni wewe? Washa!"

Akawasha. Dada mkubwa alikuwa ameshasema.

Ilikuwa kama mtu ametundika shuka jeupe mbele ya kioo. Kile kidogo tulichokuwa tunakiona, ukingo wa barabara, nyasi, jiwe hapa na pale, kikapotea chote. Hazadi, zile taa za dharura, zilikuwa zinapiga ukungu rangi ya chungwa, zinazima, zinapiga tena. Mimi bado kichwa kiko nje, bado napiga kelele, "Kushoto! Kaa kushoto!" Akakaa kushoto. Alikaa kushoto kupita barabara yenyewe. Nikasikia chuma kinagonga chuma, si kwa kishindo kikubwa, kama sufuria limeanguka jikoni, na gari likasimama.

Baba alikuwa amelala kwenye nyasi, mguu mmoja chini ya baiskeli. Dumu lake la maziwa lilikuwa limepasuka na maziwa yanashuka mtaroni. Alikuwa anapeleka maziwa kwa wateja wake mapema, ili saa sita tumkute ameoga. Kofia yake alikuwa ameishika mkononi. Haikuanguka, alikuwa ameivua mwenyewe.

Kwetu gari likija kumekucha, limewasha taa zote na hazadi, linakwenda taratibu, maana yake ni moja: kuna maiti. Watu wanarudishwa nyumbani kuzikwa. Unasogea pembeni, unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unasimama kimya mpaka gari la mwisho lipite. Hata walevi wanajua. Na baba yangu, mzee wa kanisa, hajawahi kulipita jeneza la mtu akiwa juu ya baiskeli, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe anamjua, awe hamjui.

Nilimpigia magoti kwenye matope. Nilidhani atanilalamikia mguu wake. Akanitazama, kisha akamtazama mdogo wangu, kisha akatazama gari likiwa bado linamulika na kukonyeza.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna, baba," nikasema. "Hakuna mtu. Ni sisi tu."

"Sasa mbona mmewasha zote?"

Mdogo wangu alikwenda akazima swichi moja baada ya nyingine, na taa za juu zilipozimika barabara ikaonekana, nyembamba, yenye makorongo yake, na sisi tukiwa nje yake kabisa.

Mguu ulivunjika chini kidogo ya goti. Hospitalini wakamfunga hogo la plasta kutoka pajani mpaka kwenye kisigino, tukamleta kwangu Nguvumali. Kipaimara kilifanyika babu yake mtoto akiwa kitandani. Na hapo ndipo nilipoanza kuwachukia watu wenye maneno mazuri. Walikuja kutoa pole, nawashukuru, walikuja majirani zangu wa pande zote, wa msikitini na wa kanisani, na vyakula vyao na dua zao, na kila mmoja kabla ya kunyanyuka alisema, "Ajali haina kinga." Haina kinga! Ina kinga ya swichi, ukiibonyeza inazima! Radi ndiyo haina kinga. Mzee kavunjwa mguu na adabu yake mwenyewe, kwa sababu aliheshimu maiti ambaye hakuwepo, halafu mnaniambia ni mipango ya Mungu. Mungu hajawahi kufunga spoti nne juu ya paa la gari.

Wiki ya pili baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwangu. Mdogo wangu aliketishwa kwenye kigoda katikati. Akasemwa. Alisemwa na baba mdogo, akasemwa na shangazi, akaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu lililovunjika ni la mkuu mwenyewe. Kisha wakanigeukia mimi, mwalimu, nieleze kitaalamu.

Nikaeleza! Nilisimama nikaeleza matone ya maji. Nikaeleza kwa nini taa za ukungu ziko chini na za spoti ziko juu. Nikaeleza kwamba hazadi ni za gari lililosimama au lililoharibika, si mapambo ya kutembea nayo. Nilikuwa na hasira ya kweli, sikuigiza. Nikasema kijana huyu nilimwonya kwa mdomo wangu, nilimwonyesha kwa tochi, hakusikia. Shangazi akafuta machozi.

Mdogo wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Aliambiwa ajitetee, akasema, "Nimekosa. Naomba radhi." Nilingoja aseme neno jingine. Hakulisema. Alinitazama mara moja tu, si kwa lawama, kama mtu anayehakikisha kwamba hajakutia aibu, akainama tena. Kesho yake alikuja na spana akalitoa lile bomba la juu pale uani, akaziba matundu kwa gundi. Kazi ilimchukua asubuhi nzima. Nilimpelekea chai nikashindwa kukaa naye.

Nyani haoni kundule, wanasema. Lakini mimi nililiona. Ndiyo maana nikawa mkali kwa dunia nzima. Ndipo nikaanza kushusha kioo Raskazone na kuwapigia kelele madereva wa watu. Darasani, kidato cha pili, niliuliza, "Mko garini, ukungu umefunga. Mnafanya nini?" Darasa zima likaitika, kwa furaha, "Tunawasha taa fulu na hazadi, madam!" Niliwafokea mpaka kengele ikalia. Msichana mmoja wa mbele akaanza kulia, nami nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu, mwanamke mzima, nikijua vizuri ninamfokea nani.

Hogo lilitolewa, mguu ukawa umekonda na goti halikunji. Daktari akasema kutembea atatembea, na fimbo. Baiskeli, hapana. Baba aliitikia tu. Mimi ndiye niliyelia. Alikuwa amezoea kwenda na baiskeli ile kila mahali, kwa wateja wake, kanisani, kwa rafiki zake wa enzi za mkonge, bila kumwomba mtu ampeleke. Sasa kwenda msalani tu anaita mtu. Na kila aliyemwuliza, "Mzee, ilikuwaje ukafika barabarani?" alimjibu, "Nilisogea mno. Kosa ni langu." Jibu hilo lilikuwa linanichoma kuliko kikao kizima. Mtu mwenye adabu zake, ameshuka, amesogea pembeni, amevua kofia, bado ndiye anayejipa kosa!

Siku moja baada ya chai ya asubuhi, tukiwa wawili tu upenuni, alisema tena neno lile kwa jirani aliyepita. Sikuvumilia.

"Baba, usiseme hivyo. Kosa si lako." Nikamsogelea. "Na wala si la mdogo wangu. Siku ile alikuwa anaendesha vizuri. Mimi ndiye niliyemlazimisha awashe taa zote. Alinikatalia, nikamfokea. Kwenye kikao nilimwacha akabeba."

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi angenitukana. Alisugua goti lake lisilokunja kwa kiganja, kwa muda mrefu.

"Najua," akasema. "Nilikusikia."

"Ulinisikia wapi?"

"Mle kwenye ukungu. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kule ndani kwenye nyasi, nimeishika baiskeli. Gari la msiba hulisogelei. Halafu nikasikia sauti yako imo ndani ya lile gari, inapiga kelele. Mlisema mngekuja saa sita, na ile ilikuwa saa moja. Nikasema, basi, mwanangu analia, aliyekufa ni wetu." Akaishika fimbo yake. "Ndipo nikasogea barabarani nikupokee."